Walichokifunga Nyuki

Nyuki waliohamia kwenye ukuta wa chumba cha Goretti hawakuwa wakienda kwenye maua. Aliligundua hilo akiwa uani, anaanika mihogo. Maharage ya majirani yalikuwa yamechanua hadi kule bondeni, lakini nyuki wale waliyapita juu kwa juu, wakaenda kwenye mikaratusi, wakarudi na miguu iliyojaa utomvu mweusi na kujipenyeza kwenye ufa chini ya dirisha. Kutwa nzima walikuwa na kazi hiyo. Na chumba hakikunuka asali. Kilinuka uchungu, kama jeneza jipya ambalo rangi yake haijakauka.

Nyumba yenyewe ilikuwa mpya. Appolinaire, mumewe, aliijenga kwa mikono yake baada ya miaka ya kuishi chini ya turubai, tangu walipoikimbia vita kwao Fizi na kupewa kiwanja katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Aliipenda nyumba ile. Watu waliopita njiani aliwaita waje wagonge kuta, wasikie zilivyo ngumu.

Jirani yao Patrice, Mrundi aliyefuga nyuki katika mizinga ya kufuma, aliitwa aje kuangalia. Aliweka sikio ukutani, akakaa hivyo muda mrefu.

"Baba Sidonie, hawa usiwaguse kwanza," alimwambia Appolinaire. "Nyuki wa namna hii sijawaona. Hawatengenezi asali. Kuna kitu wanakiziba."

"Kitu gani?"

"Sijui. Niache niwatazame kidogo, halafu nitawahamisha kwa moshi, polepole."

Appolinaire alikubali. Lakini kesho yake binti yao Sidonie, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutamka maneno vizuri, aliumwa na nyuki kwenye kope. Uso ukavimba mpaka jicho likapotea. Appolinaire alichukua pampu ya kupulizia nyanya, akaijaza dawa ya wadudu, akaingiza mdomo wa pampu kwenye ufa na kupuliza mpaka dawa ikaisha. Kisha akakandika udongo juu.

"Patrice alisema tungoje," Goretti alimwambia.

"Patrice hana mutoto anayelala mu kile chumba."

Goretti alizoa nyuki waliokufa kwa koleo. Nyuki wanaopuliziwa dawa hukimbilia nje. Hawa walikuwa wamelala safu kwa safu, vichwa vyote vimeelekea ukutani, kama waliokufa wakigombania kurudi ndani.

Jioni ile, wakati wa chakula, Appolinaire aliongoza sala kama kawaida yake. Aliposema "Amina", ukuta uliendelea. Haikuwa sauti ya nyuki wengi. Ilikuwa sauti moja, nzito, isiyo na maneno, iliyopanda pale sala ilipopanda na kushuka pale iliposhuka. Ikafika mwisho, ikanyamaza.

Hakuna aliyekula. Sidonie aliutazama ukuta kwa jicho lake moja lililokuwa wazi.

"Papa," alinong'ona, "ule muntu naye anamaliza kuomba?"

Kulipokucha Appolinaire alimwita Patrice, wakaubomoa ukuta kwa panga kutoka nje. Walitegemea kukuta masega. Walikuta ganda la gundi nyeusi, gumu, lenye uso nyororo kama ndani ya chungu, lililoacha uwazi katikati. Walipolipasua zaidi waliona umbo la uwazi ule. Pale palikuwa na mgongo uliojikunja, pale magoti mawili yaliyofika kidevuni, pale vidole, virefu kupita vya mtu. Ndani hamkuwa na kitu. Na upande wa chumbani, pale dawa ilipolowanisha gundi, ganda lilikuwa limesukumwa kutoka ndani na kupasuka.

Patrice alirudi nyuma.

"Mjusi akifia mzingani na nyuki wakashindwa kumtoa, wanampaka gundi mpaka asinuke," alisema kwa sauti ya chini. "Hawa hawakuwa wanajenga, Baba Sidonie. Walikuwa wanafunga."

"Kama walifunga, basi kiko wapi?"

Appolinaire aliingiza mkono ndani ya ganda, akapapasa, akautoa. Alisema ni baridi sana mule ndani.

Mchana huohuo Goretti alimkuta mumewe jikoni, nyuma ya mafiga, amechuchumaa, mgongo umejikunja na magoti yamefika kidevuni. Alimwita. Hakuinuka. Alimshika bega, akahisi kama ngoma ikitetema chini ya ngozi, maana mumewe alikuwa akivuma. Midomo imefungwa, macho hayapepesi, na mvumo unatoka kooni ukijaza jiko lote mpaka vifuniko vya sufuria vikaanza kugongana. Kisha mvumo ukakatika, na Appolinaire akasema kwa Kiswahili kilichonyooka ambacho hajawahi kukizungumza maishani mwake:

"Nilikaa kwenye kichuguu changu kabla ya babu zenu kuujua moto. Mumeo amenivunja kwa jembe. Amenikanyaga kwa maji, amenianika juani, amenipanga tofali juu ya tofali. Sasa na mimi nataka nyumba. Niletee mtoto. Huyu ni mzee, mifupa yake inaniumiza."

Goretti alimbeba Sidonie, akamkimbiza kwa mke wa Patrice, na yeye akarudi. Hakujua arudi kufanya nini. Alijua tu kwamba kile kichuguu kilichokuwa mpakani mwa kiwanja, kilichompa Appolinaire udongo mzuri wa matofali, majirani wote walikuwa wakikiona, na hakuna aliyewahi kukigusa kabla yake.

Walimpeleka Appolinaire mjini Mbarara, amefungwa kamba kwenye gari lililobeba ndizi. Hospitalini walimpokea vizuri, wakampima damu, wakampiga picha za kichwa. Hawakuona ugonjwa. Mwanamke mmoja wa mtaa wa Ruharo, aliyekuwa akimuuguza dada yake kitanda cha jirani, alimvuta Goretti pembeni.

"Hii haiko ya sindano," alimwambia. "Enda kwa Mama Isimbi, nyuma ya kambi ya jeshi ya Makenke. Uliza askari yeyote."

Mama Isimbi alikuwa mjane wa askari, mwanamke mnene aliyevaa sweta ya jeshi juu ya gauni la gomesi. Alimsikiliza Goretti mpaka mwisho huku akichambua mchele, bila kuinua kichwa.

"Hao nyuki walikuwa askari," alisema. "Nyinyi muliuwa askari, mukaacha mufungwa."

"Sasa tufanye nini, mama?"

"Kuuwa hii kitu, mimi siwezi. Nakudanganya kwa nini? Naweza kuirudisha ndani tu. Tafuta askari wengine. Na wewe bwana yako utamushika mikono. Ukiachia, inaingia kwako, halafu inaenda kwa mutoto."

Walimtoa Appolinaire hospitalini, wakarudi Nakivale pamoja na Mama Isimbi. Jua likiwa utosini, walimketisha Appolinaire mbele ya ukuta uliobomolewa, mgongo wake ukigusa ganda. Patrice alileta mzinga wake wenye nyuki wakali kuliko yote, akauweka karibu, akaondoa kifuniko. Goretti alipiga magoti mbele ya mumewe, akamshika viganja.

"Toka," Mama Isimbi aliamuru, kama anayeita gwaride. "Rudi fasi yako. Toka."

Kile kitu kilicheka kooni mwa Appolinaire. Nyuki wakaanza kutoka mzingani, wachache kwanza, kisha kama maji meusi yanayomwagika, wakamfunika kichwa na shingo na mikono, wakapanda juu ya mikono ya Goretti, wakamwuma viganjani, mashavuni, ndani ya nywele, na kutoka chini ya wale nyuki ikaja sauti ya marehemu mama yake, aliyemwacha amezikwa Fizi bila msalaba, ikimwambia kwa upole, Goretti mwanangu, unaumia bure, achilia, achilia kidogo tu upanguse uso, na Goretti akafumba macho na kulia na kuzidi kukaza vidole mpaka akasikia vya mumewe vikilia kama vijiti vinavyokatika, huku mvumo ukipanda, ukipanda, ukawa mlio mmoja mwembamba uliopita juu ya vichwa vyao na kuingia ukutani. Nyuki wote wakaufuata.

Appolinaire alimwangukia kifuani.

"Mama Sidonie," alisema, "niko na baridi."

Patrice aliukandika ukuta, akaacha ufa mdogo. Jioni nyuki walikuwa tayari wanarudi na utomvu miguuni.

Familia ilihama, ikaishi tena chini ya turubai, pembeni ya kiwanja cha Patrice. Magoti ya Appolinaire hayakunyooka tena sawasawa. Kila siku alichechemea na bidoni ya maji mpaka kwenye nyumba yake aliyoipenda, akawawekea nyuki maji kwenye sinia lenye mawe. Alipanda alizeti kuizunguka. Watu walimcheka, mtu mzima aliyejenga nyumba akawapa nyuki.

Kisha kiangazi kikawa kirefu. Alizeti zilikauka zikiwa fupi. Moto wa wachungaji ulipita kilimani na kuunguza mikaratusi, na Patrice akasema jambo ambalo wote walilijua, kwamba nyuki wakikosa chakula huhama, hata uwabembeleze vipi.

Adhuhuri moja Goretti alimfuata mumewe kwa sababu alikuwa amekawia. Alimkuta amesimama mbele ya ukuta, bidoni imeanguka, maji yanapotelea mchangani. Nyuki wote walikuwa nje. Walining'inia kwenye ukingo wa bati, bonge moja kubwa, kimya.

"Mungoje mvua," Appolinaire alikuwa akiwaambia. "Nabaomba. Mungoje mvua tu."

Bonge lilitikisika, likafunguka, likainuka. Nyuki walizunguka juu ya paa mara moja, kisha wakaelekea upande wa ziwa, na mvumo wao ukafifia mpaka usisikike.

Wakabaki wawili, wakiutazama ufa. Gundi iliyouziba ilikuwa bado mbichi, inang'aa juani. Taratibu ikaanza kuvimba kuja nje, mahali pamoja kwanza, kisha pengine, na pengine, mpaka yakatokea mavimbe matano, yamepangana kama ncha za vidole.

Goretti alimshika mumewe mkono, akageuka, akaanza kukimbia kwenda alikokuwa mtoto.