Kitufe Chekundu cha Hita

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiherehere alipitia kwenye bwawa la kituo cha mazoezi ya viungo, ambalo baba yake alilitunza. Jina hilo walimpa nyumbani, maana tangu azaliwe hajawahi kutulia mahali pamoja. Baba akiwa bado anaopoa majani, yeye alijipenyeza kwenye chumba cha hita ya kupasha maji moto, akabonyeza kitufe chekundu, na ile mashine kuukuu ikakohoa na kuwaka. Kisha akatoka kama si yeye.

Hita ilikuwa na tabia ya kujizima. Siku ya kwanza alipoikuta imezimika, alishikwa na hofu. Maji yakipoa, bwawa litafungwa, na mdogo wake Kepteni atafanyia wapi mazoezi? Tangu avunjike mguu, Kepteni aliweza kupiga hatua bila kulia ndani ya maji ya vuguvugu tu. Basi Kiherehere akabonyeza. Kesho yake akabonyeza tena, na hakumwambia mtu.

Siku za karibuni Kepteni alilalamika kuumwa kichwa kila akitoka kubadili nguo. Mama alidhani ni njaa.

Siku moja ya likizo, fundi aliitwa. Hita ilikuwa imejaa masizi, na ofisi ya kituo ilitaka jibu: itengenezwe au inunuliwe mpya?

"Mzee, hii ilipaswa kustaafu kabla yako," fundi alitania huku akimulika tochi.

"Usiizike kabla haijakata roho," baba akajibu.

"Kuitengeneza inawezekana. Nikibadilisha kichomeo, leo leo mtaendelea. Mkitaka mpya, bwawa lifungwe mpaka ifike. Ila niambie, huwa inajizima yenyewe?"

"Haijawahi. Kila asubuhi naikuta inawaka."

Kiherehere alikuwa amesimama mlangoni. Nje, Kepteni alishikilia ukingo wa bwawa, akimsubiri mwalimu wake wa mazoezi. Akisema, bwawa litafungwa na mtoto yule atalia. Fundi alishaokota spana.

"Inajizima," alisema kwa sauti ndogo. "Baba, mimi ndiye huiwasha."

Baba alimgeukia taratibu. "Tangu lini?"

"Siku nyingi. Niliogopa watafunga bwawa."

Fundi aliweka spana chini, akafunga gesi na kufungua madirisha yote. Alipolifungua bomba la moshi, lilikuwa limeliwa na kutu hadi kutoboka. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na chumba cha kubadilishia nguo.

"Ndiyo maana ilikuwa inajizima: moshi unavujia ndani," alisema. "Moshi huu una sumu usiyoweza kuinusa. Kwanza kichwa kinauma, halafu mtu analala asiamke. Hapa hakuna cha kutengeneza."

Kiherehere alimkumbuka Kepteni na kichwa chake, akaanza kulia. Baba alimshika bega.

"Hita ilikuwa inatuita, mwanangu, wewe ukaiziba mdomo," alisema. "Na mimi ukaniacha niseme kwa uhakika jambo nisilolijua. Kitu kikiharibika, tuambie, hata kama habari yenyewe itatutoa machozi sote."

Bwawa lilifungwa. Kepteni alilia kweli, akafanya mazoezi nyumbani akishikilia ukuta na kununa. Hita mpya ilipowekwa, aliingia majini, akatoka, akabadili nguo. Kiherehere alimngoja mlangoni.

"Kichwa?" aliuliza.

"Kichwa kina nini?" Kepteni akashangaa, akampita akichechemea kwenda kutafuta viatu vyake.