Mtihani Ulioandikwa kwa L

"Wananchi wote walijitokeza, wakapiga kula."

"Wakapiga nini?"

"Kula."

"Walipiga kwa fimbo au kwa mwiko?"

Yunisi alifunga kitabu kwa kishindo. "Wewe Mnyatulu! Nitakuacha hapa usomewe na mbuzi."

"Mnyaturu," alisema Melkizedeki, akicheka mpaka akajishika ubavu.

"Ndiyo hivyo nimesema. Mnyatulu."

Melkizedeki alikuwa kijana wa Issuna ambaye surua ilimchukua macho akiwa bado ananyonya. Ndiye kipofu wa kwanza kupokelewa katika chuo kile cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Singida, miaka ile ya Operesheni Vijiji, na upepo nao ulikuwa mkali kiasi cha kumhamisha mbuzi kijiji kabla serikali haijampangia. Vitabu vya nukta, vile vya kusoma kwa vidole, chuo hakikuwa nacho hata kimoja. Kilichokuwepo ni zamu: kila alasiri mwanachuo mmoja amsomee. Wa kwanza alisoma mpaka akakoroma juu ya kitabu. Wa pili aliruka kurasa, akidhani asiyeona hasikii pia. Wa tatu ndiye Yunisi, Mnyiramba wa Kinyangiri, naye hakuomba kubadilishwa.

Ila ulimi wake R haikuwahi kuutembelea. Serikali ilikuwa selikali, barabara balabala, na Azimio lilitangazwa Alusha.

"Hebu nifundishe hiyo yenu," alimwambia siku moja.

"Sema rrr."

"Lll."

"Acha, Yunisi. Usijifunze."

"Kwa nini?"

"Ukiipata, nitakutambuaje kwenye kundi la watu?"

Yunisi hakucheka. Alisogeza kiti chake karibu, akaendelea kusoma kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia.

Basi kulikuwa na Gasto, kiranja wa wanachuo, mpanga zamu zote za chuo. Alikwisha kumpelekea Yunisi khanga na sabuni ya kuogea. Sabuni ilirudi haijafunguliwa, khanga haijakunjuliwa. Wiki hiyo hiyo Gasto akamfuata bwaloni.

"Yunisi, kuanzia kesho wewe ni shambani. Kwenye alizeti."

"Na Melkizedeki atasomewa na nani?"

"Mwenyewe ndiye aliyelalamika. Anasema hizo L zako zinamharibia masomo. Anataka mtu anayejua kutamka."

Yunisi aliacha chakula chake mezani, akatoka. Tangu hapo hata salamu alianza kuitoa kwa kichwa, asije akatamka kitu.

Gasto akaenda hadi kwa Melkizedeki, akamwekea mkono begani kama kaka mtu.

"Ndugu yangu, Yunisi ameomba apumzishwe. Amechoka. Anasema kumsomea kipofu ni kazi ya punda."

"Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Msomaji mpya aliitwa Mughwai. R zake zilinguruma kama lori linalopanda mlima Sekenke. Alisoma alichopangiwa, akainuka bila kuaga. Baada ya hapo alasiri ilibaki ndefu. Melkizedeki alikaa kwenye benchi la nje akisikiliza nyayo: zilikuja moja kwa moja, zikikaribia zikapunguza mwendo, kisha zikachepuka. Watu hawakumchukia. Hawakujua tu waanze na neno gani.

Na kulikuwa na nyayo nyingine ambazo hakuzisikia kabisa. Yunisi akitoka shambani alivua makatambuga yake ya matairi, akapita mbele ya benchi pekupeku, amepakata jembe.

"Nani hapo?" Melkizedeki aliuliza siku moja.

Upepo ukavuma.

"Aa, upepo," akajijibu.

Yunisi alikuwa amesimama hatua chache tu mbele yake, machozi yanatiririka, anaogopa herufi moja.

Mtihani ukafika. Melkizedeki alifungiwa peke yake stoo ya magunia, na taipureta aliyoizoea tangu shuleni, kwa sababu mashine ile ilikuwa na kelele za kuwafanya kuku wa mpishi wasitage muhula mzima. Mwalimu alimsomea maswali, akatoka, akavuta mlango. Melkizedeki akaweka vidole kwenye mashine. Ndani hapakuwa na pumzi nyingine ila yake.

Wiki iliyofuata mkuu wa chuo, Mzee Antipasi, aliwaita ofisini: Melkizedeki, Yunisi na Gasto.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nitawasomea." Alivaa miwani. "'Selikali iliamua kujenga balabala.' 'Azimio la Alusha.' Melkizedeki, wewe Mnyaturu, R unazo za kuwagawia majirani. Hii ni lugha ya nani?"

Gasto alidakia. "Mzee, kila mtu chuoni anajua ni ya nani. Nami nilimwona Yunisi kwenye dirisha la stoo. Ndiye aliyemchapia."

"Yunisi, ulikuwa pale dirishani?"

"Nilikuwepo, Mwalimu. Nilimaliza mtihani wangu mapema."

"Ulifuata nini?"

"Nilikuwa nasikiliza mashine."

"Mashine inaimba?"

"Ilikuwa yeye, Mwalimu."

Mzee Antipasi aliguna. "Wizara ilikubali kipofu mmoja, kwa majaribio. Kama huu ni udanganyifu, anarudi Issuna leo, na hakuna kipofu mwingine atakayekanyaga hapa. Mnanielewa?"

"Nimeandika mimi," alisema Melkizedeki.

Mzee alichomoa karatasi za Yunisi kwenye rundo la mitihani. Alizisoma taratibu, mdomo unacheza.

"Serikali. Barabara. Arusha. R zote zimesimama wima." Akavua miwani. "Gasto, binti huyu anakosea kwa ulimi, kwa mkono hakosei, maana herufi anaiona. Angechapa yeye, R zingekuwepo. Haya yamechapwa na mtu aliyemsikia."

Gasto akaangalia mlango.

"Lakini wewe Melkizedeki R unaijua. Kwa nini umeandika hivi?"

Melkizedeki aligusa ukingo wa meza kwa vidole, kama anayetafuta mashine.

"Mwalimu, mle stoo nilikuwa peke yangu. Na kabla ya stoo nilikuwa peke yangu. Nikiandika serikali, naisikia sauti ya Mughwai, naye ameshaondoka. Nikiandika selikali, Yunisi anakuwa amekaa hapa kushoto kwangu. Nilitaka mtu wa kukaa naye."

Yunisi alisahau kwamba yuko ofisini kwa mkuu.

"Si ulisema L zangu zinakuhalibia masomo?"

"Mimi? Nani kakwambia?"

"Gasto."

"Gasto huyu? Mimi aliniambia umechoka, kwamba kumsomea kipofu ni kazi ya punda!"

"Mimi niseme hivyo? Mimi?"

Mzee Antipasi aligeuka polepole. "Ndugu kiranja, jembe lako liko wapi?"

"Mzee, mimi ni mpanga zamu tu..."

"Basi jipangie. Alizeti, mpaka zivunwe. Melkizedeki, mapenzi hayana alama hapa chuoni. Kila L nimeikata." Akasogeza karatasi. "Umefaulu kwa kupenya, lakini umefaulu. Yunisi, kesho alasiri rudi kwenye zamu yako."

Walitoka nje. Upepo ulikuwa unavuma, na safari hii Yunisi alikuwa amevaa makatambuga yake, anayaburuza makusudi.

"Siku ile uliuliza nani hapo," alisema.

"Ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi. Nisamehe."

"Sema neno lolote lenye R."

"Balua."

Melkizedeki alinyoosha mkono, naye akaushika.

Walipopangiwa shule moja ya msingi, wakafunga ndoa Issuna. Nyomi ya wageni siku ile ilipanga foleni mpaka Mitundu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, hivyo ndivyo Issuna wanavyosimulia hadi leo. Padri akauliza:

"Yunisi, umeridhia?"

"Nimelidhia."

Kanisa zima likaangua kicheko, akina mama wa Kinyangiri wakijifunika khanga nyuso. Yunisi akainama. Padri akamgeukia bwana harusi.

"Na wewe Melkizedeki, umeridhia?"

Melkizedeki akasubiri mpaka kicheko kikaisha.

"Na mimi nimelidhia."