Saa Nane Kutoka Guangzhou

Mzee Mwinyimadi alikutwa alfajiri nyuma ya nyumba yake Kisarawe, amelala chali, kisogo kimepasukia kwenye jiwe la kufulia. Aliyemkuta ni bintiye, Maulida. Saa moja asubuhi akampigia simu kaka yake wa pekee, Halidi, aliyekuwa Uchina mwaka wa tatu sasa.

"Msimzike bila mimi!" Halidi alilia. "Napanda ndege sasa hivi."

Mwili ukapelekwa hospitali ya Tumbi, Kibaha. Daktari akamweleza Inspekta Onesmo wa Kibaha: "Ana michubuko kifuani. Huyu kasukumwa."

Saa nane mchana maiti ilirudishwa. Kaburi tayari, watu wanasubiri. Saa tisa Halidi akashuka kwenye bodaboda na begi lake, machozi yanamtiririka, na msiba ukaanza upya. Jamani, nani angekaa kupiga hesabu saa kama ile?

Onesmo alizipiga hesabu hizo. Ndiyo kazi yake, na siku hiyo aliichukia. Akamwita Halidi chumba cha uani.

"Pole sana. Simu ya dada yako ilikukuta wapi?"

"Guangzhou. Chumbani kwangu."

"Saa ngapi?"

"Kule ilikuwa saa sita mchana."

Hapo hakukosea. Saa za kule alizijua kama jina lake.

"Ukaja na ndege gani?"

"Ya moja kwa moja."

"Ikachukua muda gani?"

"Kama saa sita hivi."

"Ni zaidi ya kilomita elfu nane na mia saba. Hata ya moja kwa moja haipungui saa kumi. Lete pasi yako."

Halidi alilivuta begi lake karibu, hakulifungua.

"Halidi, umewahi kupanda ndege?"

Akatikisa kichwa, kisha yakamtoka yote.

"Wakala wa safari alinitoroka na pesa zangu siku ileile niliyoagwa. Mtaa mzima ulikuwa umenisomea dua. Ningerudi na uso gani? Naosha magari Kongowe, hapo Kibaha. Wiki iliyopita baba alikwenda kliniki Tumbi, akaniona. Jana usiku, watu wamelala, nikaja kumwomba anifichie siri. Akakataa, akasema kesho msikitini anawaambia watu wote. Nikamsukuma. Wallahi sikutaka afe!"

"Basi leo umefuata nini?"

"Mtoto wake wa kiume ni mimi tu, afande. Nani mwingine amshushe kaburini?"

Onesmo alimhurumia, hilo hakulificha. Pingu zilikuwa mfukoni. Angeweza kumwacha amzike baba yake kwanza, askari wamezunguka. Alikuwa akiliwaza hilo alipomwona Maulida mlangoni, kanga imemwanguka mabegani. Alikuwa amesikia kila neno.

Halidi akapiga magoti. "Dada yangu, niache nimzike tu. Halafu wanifanye watakavyo."

"Kila Ijumaa baba alikuwa anakuombea safari salama," Maulida alisema. Akamgeukia Onesmo. "Mchukue, afande. Baba mdogo Mwishehe atamshusha."

Halidi aliangua kilio, akamshika dada yake upindo wa kanga. Maulida akaunasua polepole, akajifunika kichwa, akatoka kuwaambia wanaume wanyanyue jeneza, hakuna tena wa kusubiriwa.