Simba wa Mia Mbili

Msimu wa zabibu ulikuwa umepamba moto, na Soko la Majengo halikuwa na pa kuweka mguu. Khairat, binti wa Mzee Abdulwahab, alisimama nyuma ya meza yake na dera la urujuani, ushungi kaufunga kwa maringo, akipima zabibu za Makutupora na kurudisha chenji. Kijana mmoja mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi akapokea chenji yake, sarafu ya mia mbili, akaigeuza, akaganda. Waliokuwa nyuma wakaanza kunung'unika.

"Kaka, hela yangu halali. Wapishe wenzako!"

"Dada, hii inashinda zabibu zako zote." Akatoa lenzi mfukoni. "Igeuze kama ukurasa wa kitabu. Simba wanatakiwa wasimame."

Khairat akageuza. Simba walikuwa kichwa chini, miguu juu. Akachukua nyingine kwenye kopo, akageuza: wamesimama. Akairudia ile ya kwanza, mwili ukamsisimka. Miaka yote hela zilipita mikononi mwake, na kumbe hakuwahi kuzitazama.

"Subhanallah! Nani kawapindua?"

"Mtambo wa kutengenezea hela. Muhuri wa upande mmoja ulilegea ukazunguka. Zikaponyoka chache, watu wakazinunulia maandazi."

Aliitwa Anuari, karani huko Chamwino. Angeweza kuondoka nayo kimyakimya, lakini aliiacha kiganjani mwa Khairat. Hapo hapo Khairat akampenda, wala hakujidanganya.

Simu zikaanza.

"Umekula, zabibu yangu?"

"Zabibu yako ina bei, karani."

"Taja, nitauza hata viatu."

Haukupita muda, Anuari akapata mnunuzi Dar es Salaam, mpenda sarafu zenye kasoro, aliyeahidi bei ya kitanda na kabati. "Vya nyumba yetu, mpenzi," alisema. Khairat akafurahi mno. Akachukua ndimu na majivu, akaisugua sarafu vile bibi yake alivyomfundisha kusugua masinia ya shaba ya harusi, maana kitu cha heri hakitoki nyumbani kichafu. Akapiga simu.

"Habibi, inameta mpaka unajiona!"

Anuari akamkatiza.

"Umeisugua?"

"Kwa ndimu. Kwani vipi?"

"Khairat... wanunuzi hawaigusi iliyosuguliwa. Wanataka rangi yake ileile ya uzee." Simu ikakatika.

Alilia, kisha akakasirika. Kumbe alipendewa sarafu! Akaenda kwa muuza mboga, akalipa kwa sarafu ile, akamwandikia Anuari: "Nimeinunulia mchicha. Hela ni hela." Hakujibiwa. Alipopiga, hakupokelewa, na moyo ukamuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Ijumaa baada ya swala, wageni wakabisha. Anuari alikuwa amevaa kanzu, yuko na wazee wake wawili. Baada ya salamu na maneno ya posa, Mzee Abdulwahab akaja hadi pazia la chumba.

"Mwanangu, mahari ni haki yako. Umemkubali? Taja."

"Shikamoo baba. Kwanza aseme kwa nini alininyamazia."

Sauti ya Anuari ikatoka sebuleni. "Niliona aibu. Nilikuahidi kitanda kwa kuegemea sarafu yako, mimi mwanaume mzima. Halafu nilikuwa nazunguka soko zima, nainamia makopo ya watu."

"Ukitafuta nini?"

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame." Wazee wakacheka. "Sarafu zote zilikuwa nyeusi nyeusi, moja tu inameta. Usingeisugua, nisingeiona."

Khairat akaziba mdomo kwa ushungi.

"Umeinunua kwa bei gani?"

"Kwa mia mbili."

Machozi yakamtoka. "Basi baba, mahari yangu ni hiyo."

"Mia mbili?" Mzee akashangaa.

"Hiyo hiyo, baba. Nyingine siitaki."

Sarafu ikapitishwa chini ya pazia. Khairat akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza polepole kama ukurasa wa kitabu. Ndimu ilikuwa imeondoa uzee wote, lakini simba walikuwa vilevile, miguu juu. Akaibusu.