Abiria wa Kiti cha Kushoto

Mkanda wa kiti cha kushoto ulikuwa umefungwa.

Daktari wa meno alisimama mlangoni mwa banda la gari, kikombe cha chai mkononi, akautazama. Kiti kilikuwa kitupu. Tangu anunue lile gari miezi mitatu iliyopita hajawahi kumpakia mtu upande ule. Mkewe alishaapa kwamba hapandi kitu kinachomkalisha kama amechuchumaa. Akaufungua, akajicheka. Uzee huo. Kesho yake asubuhi akaukuta umefungwa tena, safari hii umevutika mbele, kana kwamba umepita juu ya tumbo la mtu.

Lilikuwa gari la michezo la zamani, la milango miwili, boneti ndefu kama pua ya mbwa wa kuwinda. Watu waliomwona barabarani walidhani anaishi peponi. Hawakujua kwamba klachi yake nzito ilishamvimbisha goti, kwamba lilivuja oili kama mtoto mwenye mafua, wala kwamba likishapata moto halikubali kuwaka mpaka libembelezwe. Naye alilibembeleza. Alikaa ndani peke yake, paji la uso juu ya usukani, akanong'ona, "Waka, mpenzi. Waka, nitakupa chochote utakacho." Nalo likawaka, kila mara.

Halafu ikaja harufu. Chini ya petroli na ngozi kuukuu ya viti, palinukia marashi mazito ya bi harusi.

Akalipeleka kwa fundi wake wa magari ya kale, aliyeitwa Sikio kwa sababu alitambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu. Sikio aliegemeza spana ndefu kwenye injini inayonguruma, akatega sikio kwenye ncha ya pili.

"Hii ina silinda sita, au sivyo, Daktari?"

"Sita. Si ulizifungua mwenyewe?"

"Nilizifungua. Mbona nasikia pigo la saba?"

Akazima swichi. Injini ikanyamaza, gereji nzima ikanyamaza. Sikio hakuondoa kichwa.

"Bado linapumua," alinong'ona. "Daktari, nakuomba, liondoe hapa kwangu."

Daktari akamwona fundi kachoka, akaondoka zake. Sikio la kufa halisikii dawa, waliosema hawakukosea.

Jumamosi hiyo shemeji yake alilazwa hospitali ghafla, na gari dogo la mkewe likawa na pancha. Mama wa watu hakuwa na la kuchagua. Akasahau kiapo, akapanda. Walikuwa hawajafika barabara kuu alipomshika mumewe mkono.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo sana. "Nimemkalia mtu."

"Unasema nini?"

"Nasikia mapaja yake. Usiniangalie. Ana baridi."

Daktari akakanyaga breki, nayo ikawa ngumu kama jiwe, akaondoa mguu kwenye mafuta lakini pedali ikazama yenyewe mpaka chini, injini ikapiga ukelele ambao hakuwahi kuusikia, nguzo za taa zikaanza kupita upesi kama meno ya kitana, akazungusha ufunguo akauchomoa kabisa na bado gari likazidi kukimbia, na pembeni yake mkanda ulikuwa ukijikaza, ukimbana mkewe kifua na shingo, ukimbana zaidi, mpaka macho yakamtoka na sauti ikakatika, na marashi yakajaa humo ndani hata pumzi haikupatikana.

"Anashuka!" Daktari akapiga kelele, bila kujua anamwambia nani. "Mke wangu anashuka, hapandi tena!"

Gari likasimama taratibu, kwa adabu, kando ya barabara. Mkanda ukafunguka.

Mchana uleule Daktari alimpigia Sikio simu, naye akamleta shangazi yake, mkunga mstaafu aliyejulikana pia kwa kazi nyingine isiyotangazwa. Bibi yule aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka.

"Ulimwahidi nini?"

"Sijamwahidi mtu kitu, shangazi."

"Ulikuwa unasema nini, gari likigoma?"

Daktari akamweleza, uso chini. Mkewe, shingo ikiwa na michubuko, akamtazama.

"Basi umeposa, bwana," bibi akasema. "Wala si mara moja. Sasa mshushe. Yapo machimbo ya mawe yaliyoachwa, kule juu ya mlima, hakuna anayeishi. Nenda peke yako. Usitazame kushoto. Ukifika sema, 'Nina mke mmoja, shuka.' Atashuka hapohapo utakapolisema neno hilo. Kwa hiyo ole wako ukilisema penye watu."

Akaondoka jua likiwa bado kali. Kiti cha kushoto kilibonyea, akakisikia, wala hakugeuka. Mlimani akakwama nyuma ya lori, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Akafanya kama Sikio alivyomfundisha: akafungua hita mpaka mwisho ili kuipunguzia injini joto, hewa ikamchoma miguu, jasho likamwingia machoni, mshale ukashuka kidogo, ukapanda tena, na mvuke mweupe ukaanza kutoka kandokando ya boneti. Zilibaki kilomita tatu. Injini ikagonga, ikakohoa. Ikizimika hapa haitawaka, isipokuwa kwa yale maneno.

"Umechoka," sauti ikasema karibu na sikio lake, laini. "Niombe tena. Niombe, nitaiwasha."

Kando ya barabara kulikuwa na nyumba moja yenye bati jipya. Mwanamke kijana alikuwa akianika nguo za mtoto mchanga.

Daktari alimwona vizuri. Aliona hata vibanio alivyoshika mdomoni.

"Nina mke mmoja," akasema. "Shuka."

Mlango wa kushoto ukafunguka. Upande ule wa gari ukainuka, kama mzigo umeteremshwa. Marashi yakatoka yote. Ndipo akageuka, akamwona yule mwanamke akitoa vibanio mdomoni na kutabasamu kuelekea mahali pasipo na mtu.

"Karibu, dada," mwanamke alisema. "Umepotea njia? Ingia, ingia upate maji."

Daktari aligeuza gari, akazima injini, akatia gia huru, likateremka mlima bila sauti.

Mkewe alikuwa akimsubiri kizingitini, kitambaa shingoni.

"Ameshuka?"

"Ameshuka."

"Machimboni?"

Akatazama viatu vyake.

"Machimboni," akasema, na mkewe akamkumbatia, akilia kwa furaha.