Meza Iliyotoweka Gerejini

Meza haikuwapo. Inspekta alisimama katikati ya gereji kuukuu, akazikazia macho alama nne za miguu ya meza kwenye sakafu mpya ya saruji.

"Ilikuwa papa hapa mpaka jana mchana," alisema Mshonaji, mwenye nyumba. "Urefu mita tatu, upana mita moja na nusu. Ijumaa nakata sare arobaini za wauguzi. Nikishindwa, kazi anapewa mwingine, nami sitaitwa tena."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi peke yangu." Akauvuta kutoka shingoni, ukining'inia kwenye utepe. "Naoga nao."

Koplo aliandika daftarini: anaoga nao.

Gereji ile ilijitenga nyuma ya nyumba. Kwa miaka kumi na miwili ilikuwa kaburi la gari bovu la Dereva, mume wa Mshonaji, aliyekwisha kustaafu. Mwezi uliopita gari lilikokotwa hadi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Lango likazibwa kwa matofali, ukaachwa mlango mwembamba na dirisha la nondo, kuta zikapakwa rangi nyeupe. Meza iliundwa humo humo. Sasa kuta zilikuwa nzima, nondo nzima, kufuli zima.

"Afande," Koplo alinong'ona, "hili si jini kweli?"

"Jini mwenye akili angeacha meza, akabeba cherehani."

Inspekta alimwita Fundi, aliyejenga ukuta, akatengeneza mlango na meza yenyewe. Alifika na penseli sikioni.

"Meza uliipigilia misumari?"

"Bolti, afande. Mzee Dereva alisisitiza. Alisema msumari ni ndoa, bolti ni uchumba."

"Na mlango unafungukia wapi?"

"Nje. Mama hakutaka umlie nafasi ndani."

"Pini za bawaba ziko upande gani?"

Fundi alitazama. "Nje, afande."

"Kwa hiyo upande mmoja umeweka kufuli, na upande wa pili umewakaribisha wezi!"

Inspekta alipitisha kidole juu ya pini. Kilirudi cheusi kwa grisi.

"Wewe hupaka grisi bawaba mpya?"

"Mimi ni mtu wa mbao, afande. Grisi ni ya watu wa magari."

Wakati huo alitokea Bibi, mama mzazi wa Mshonaji, akijikongoja kwa mkongojo. "Afande mwanangu, ukimaliza ya meza, nichunguzie na kitanda changu. Tangu jana kigumu kama benchi la kituo chenu."

"Umewahi kulala kituoni, bibi?"

"Swali hilo halina adabu."

Inspekta na Koplo walitazamana. Dakika mbili baadaye godoro la Bibi lilinyanyuliwa. Chini yake zilipangwa mbao tano pana, kila moja urefu wa mita moja na nusu, na miguu minne iliyoviringishwa kwenye magazeti.

Dereva alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni.

"Jana alasiri ulikuwa wapi, mzee?"

"Hapa hapa."

"Mkeo?"

"Alikwenda kutafuta uzi."

"Mama mkwe?"

"Kwa jirani."

"Nionyeshe mikono."

Kucha zilikuwa nyeusi.

"Mikono imekwisha kutoa maelezo yake," alisema Inspekta. "Umebaki wewe."

Dereva alishusha pumzi. "Nilizichomoa pini, nikaifungua meza bolti kwa bolti, nikaurudisha mlango mahali pake."

"Na kuificha kwa mkweo?"

"Ni nani angedhani mkwe anaweza kukaribia kitanda cha mkwewe? Mimi mwenyewe nilifumba macho."

"Ala!" alisema Bibi.

"Lakini kwa nini?" Mshonaji alimgeukia. "Sare arobaini, mume wangu!"

Dereva alitazama chini. "Kila asubuhi nilikuwa nakaa ndani ya lile gari. Nilijua haliendi. Lakini nikishika usukani, najiona mtu mwenye safari. Sasa sebuleni yupo mama, jikoni nafukuzwa, chumbani naulizwa kama naumwa. Nilisikia gari halijakatwa bado. Nikasema, meza ikikosekana, huenda likarudi."

Hakuna aliyecheka. Hata Koplo aliacha kuandika.

"Ungeniambia," alisema Mshonaji.

"Mwanamume mzima aombe pa kukaa, nyumbani kwake?"

"Mbona mwanamume mzima ameiba meza, nyumbani kwake?"

Inspekta alikohoa. "Mama, unafungua mashtaka?"

Mshonaji aliingia gerejini, akatoa chaki yake ya kitambaa mfukoni, akapiga magoti chini ya dirisha na kuchora mraba sakafuni.

"Kiti chako kitakaa hapa. Mstari usiuvuke. Vitambaa vyangu havitaki miguu."

"Na redio?"

"Ndogo. Na kabla ya yote, funga meza."

Dereva alikwenda kuchukua spana bila kuambiwa mara ya pili. Kufikia adhuhuri meza ilisimama imara, na Mshonaji alikuwa akitandaza juu yake kitambaa cheupe, mkasi mkononi. Dereva alileta kiti, akaketi ndani ya mraba wake, akajinyoosha kwa raha ya mtu aliyefika. Vidole vya miguu vikavuka mstari.

Inspekta aliona. Mshonaji naye aliona. Akageuza uso, akaanza kukata.