Chumba Kisichopangishwa

Saa saba mchana, mlangoni pa soko, pale watu wanaposukumana mpaka mtu anasahau alichokuja kununua, muuguzi mmoja alisimama mbele ya meza ya fundi funguo. Alikuwa bado na sare yake nyeupe, miguu inamuuma, nywele zimeanza kuchomoka kwenye kibanio. Akatoa ufunguo mmoja uliolika meno.

"Nichongee mwingine kama huu."

Fundi akaugeuzageuza. Alikuwa kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa, vumbi la chuma limemwingia mpaka kwenye kucha. "Sista, ufunguo huu umekula chumvi nyingi kuliko mimi na wewe. Wa wapi?"

"Nyumba ya mama. Alipofariki kaniachia. Sasa naipangisha."

"Nyumba ya mama unaipangisha?"

"Nifanyeje? Nimehamishiwa hospitali ya huku, nyumba iko mwendo wa saa mbili. Na nyumba isiyokaliwa inakufa, hivihivi unaiona. Paa likivuja hakuna wa kusema, mchwa wanajilia milango. Mpangaji akikaa, taa inawaka, ua unafagiwa, na kodi yake inanisaidia kulipia chumba changu."

"Hayo ndiyo matamu yake. Machungu je?"

"Machungu gani tena?"

"Ukimpa mtu ufunguo umempa nyumba. Wewe unabaki na karatasi."

"Basi karatasi ninayo," Sista akajibu, kidevu juu. "Hati imo kabatini chumbani kwa mama, na chumba nimekifunga. Vyumba vingine vyote napangisha, kile hapana."

Jamani! Unamkabidhi mgeni nyumba nzima, kisha unamwachia na hati humohumo ndani, eti umeifungia mlango mmoja! Lakini msimcheke. Mama yake aliiweka hati ile chini ya shuka zake miaka na miaka, na Sista kila alipotaka kuitoa aliona kama anamhamisha marehemu. Mkono ukakataa.

Fundi akachonga. Alipomaliza alichukua tupa, akaupiga ufunguo mikwaruzo miwili shingoni.

"Umeuharibu!"

"Alama yangu hiyo. Kila ufunguo na kila kitasa nikikigusa nakiwekea, ili nikiulizwa nisikane." Akafungua daftari, akauchora ufunguo kwa penseli. "Weka sahihi hapa. Na namba ya simu."

"Ya simu ya nini?"

"Utaratibu wa kazi."

"Na kuniangalia kidoleni kama nina pete, huo nao ni utaratibu?"

Fundi akacheka mpaka muuza viazi wa pembeni akageuka. Jioni ileile simu ya Sista ikaita.

"Dozi yangu, umekula?"

"Dozi nani?"

"Wewe. Nimeandikiwa nikusikie kutwa mara tatu, na asubuhi imenipita."

Hapo ndipo yalipoanza. Alimpigia asubuhi, mchana na jioni, asikose. Siku za mapumziko Sista alivaa gauni lake la kijani wakaenda kukaa bustanini, yeye akisimulia wagonjwa wakorofi, Fundi akisimulia watu waliojifungia nje wakiwa na taulo tu. Walipendana kwelikweli. Kitu kimoja tu hawakukifanya: Sista hakuwahi kumpeleka nyumbani kwa mama. Aliona haya kubisha hodi kwenye mlango aliozaliwa nyuma yake.

Mpangaji mwenyewe alikuwa bwana mpole, shati limenyooshwa, manukato yanamtangulia. Alimwita "mama mwenye nyumba" ingawa alimzidi umri. Kodi aliituma kabla ya siku yake, na mvua za mwaka ule zilipopiga hakulalamikia hata tone.

"Mpangaji asiyelalamika mwogope," Fundi alisema siku moja. "Lile paa si ulisema linavuja?"

"Una wivu wewe."

"Ninao. Lakini mtu anayenyeshewa akanyamaza, huyo hana nia ya kukaa."

Sista akambana pua, wakacheka. Lakini usingizi wa siku ile haukuwa mzuri.

Wiki mbili baadaye jirani wa zamani, mama aliyemlea kama wake, akapiga simu. "Mwanangu, mbona hujaniaga?"

"Kukuaga naenda wapi, mama?"

"Si unauza nyumba? Kila Jumamosi watu wanaletwa, wanazungushwa vyumbani. Jana binti mmoja alikuwa anapima madirisha, anasema anataka kujua kiasi cha mapazia."

 Sista akampigia mpangaji. "Ah, mama mwenye nyumba," sauti ikaja laini, "hao ni ndugu zangu tu. Nina ndugu wengi." Alipopiga mara ya pili, simu haikupatikana. Haikupatikana tena.

Sista aliomba ruhusa kazini, akaenda na sare yake. Ufunguo wake ukaingia nusu, ukagoma. Kitasa kilikuwa kipya, kinang'aa kwenye mlango ule uliochoka. Akainama kuangalia. Chini ya tundu kulikuwa na mikwaruzo miwili ya tupa.

Alimpigia Fundi palepale. "Uko naye tangu lini?"

"Nani, dozi yangu?"

"Usiniite hivyo! Nilikwambia hati iko wapi kwa mdomo wangu. Alama yako iko mlangoni kwa mama!"

 Fundi akasema polepole, "Mtaa wenye kisima kilichofunikwa? Mlango wa bluu? Mungu wangu. Sikujua ni kwako. Wallahi sikujua."

Sista akakata. Siku nne simu iliita kutwa mara tatu, na mara tatu aliiacha iite. Alilia chooni hospitalini, akanawa, akarudi kuchoma watu sindano.

Siku ya tano Fundi alimngoja getini, daftari kifuani, hajanyoa ndevu.

"Nisikilize, kisha unifukuze. Yule bwana alinifuata sokoni kwa gari, akaniambia ni mwenye nyumba, ufunguo umepotea, na chumba kimoja kilikuwa cha marehemu mkewe. Nikambadilishia kitasa cha mlangoni, na chumba kile nikakifungua. Ndani mlikuwa na giza, kila kitu kimefunikwa shuka. Sahihi yake hii hapa, na tarehe. Twende polisi."

"Na moyo wako haukukwambia kitu?"

Angeweza kusema hapana. "Moyo uliniambia," akakiri. "Mtu hacheki anapofunguliwa chumba cha marehemu, na yule alicheka. Nikanyamaza. Alinilipa vizuri, na mimi nilikuwa nataka kukununulia pete." Akaitoa mfukoni.

Sista akamkunja vidole juu yake. "Irudishe ulikoitoa," akasema. "Hiyo imetoka kwenye mlango wa mama." Kisha akachukua daftari, wakaongozana.

Polisi walipofungua nyumba walikuta vyumba vitupu, vimepigwa rangi mpya nyeupe. Chumbani kwa mama, shuka zilikuwa sakafuni na kabati liko wazi. Hati haikuwemo. Ofisi ya ardhi iliandika zuio ili nyumba isiuzwe, na karani, mzee wa watu, akawaambia bila kuwaficha: "Zuio linazuia linalokuja. Kama kuna yaliyokwisha sainiwa huko nje, hayo mtayasikia mlangoni."

Sista akachukua likizo, akarudi kukaa nyumbani kwa mama. Fundi alikuja kila siku. Alifunga kitasa kingine, akaziba paa, akarudisha shuka kabatini moja moja, na wala hakuomba msamaha tena kwa maneno. Hasira ya Sista ikapungua hivyo, siku kwa siku, mpaka asubuhi moja akajikuta yeye ndiye anayepiga simu. "Dozi ya asubuhi hujaileta," akamwambia.

Jumamosi hiyo, saa kumi alasiri, walikuwa mezani na chai. Sista alivaa gauni la kijani. Fundi akatoa pete nyingine, nyembamba kama uzi.

"Hii nimeinunua kwa kuchonga funguo halali tupu. Nimehangaika nayo, mpenzi."

"Naiona ilivyokonda," Sista akacheka, machozi yanamlenga, akanyoosha kidole.

Pete ilikuwa haijapita fundo la kidole waliposikia mlangoni: chuma kinaingia kwenye kitasa, kinazungushwa, kinagoma. Kinatoka. Kinaingia tena.

Sista akainuka akafungua. Nje walisimama kijana na binti, masanduku miguuni, binti amekumbatia mapazia mapya yaliyokunjwa vizuri. Ufunguo mkononi mwa kijana ulikuwa na mikwaruzo miwili shingoni.

"Samahani," binti akasema, tabasamu linamfifia, "ninyi bado hamjahama? Tuliambiwa nyumba yetu itakuwa tupu."

Sista akautazama ufunguo ule. Nyuma yake kiti kilisogea, Fundi amesimama.

"Mpenzi," Sista akauliza taratibu bila kugeuka, "yule bwana ulimchongea funguo ngapi?"



"Tano," Fundi akasema. "Aliniambia ana ndugu wengi."